Kupungua si Kuugua



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo ambalo wengi wetu tunalifanyia utani barabarani, lakini hospitalini linatutoa machozi. Jambo hilo ni uzito wa mwili uliozidi. Sitaanza na makatazo, maana makatazo mmeyasikia ya kutosha. Nitaanza na mama mmoja wa huku kwetu Buzuruga, ambaye ameniruhusu nisimulie habari zake bila kutaja jina lake.

Mama huyu anauza samaki Mwaloni, Kirumba. Alipofika kliniki yetu mara ya kwanza alikuwa na umri wa miaka 47. Alikuwa na kilo 94, urefu wake ukiwa sentimeta 158, na shinikizo la damu lilikuwa 170 kwa 100. Nilipomweleza kwamba pamoja na dawa itabidi apunguze uzito, alinitazama kwa mshangao, kisha akacheka. Akasema, "Sista, ukinikondesha wewe, samaki wangu atanunua nani? Wateja watasema nimeukwaa."

Sikumcheka, kwa sababu nilijua anasema nini.

KWA NINI TUNAOGOPA KUKONDA

Sisi tulioishi kandokando ya Ziwa Viktoria tangu miaka ya themanini tunakumbuka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, Waganda waliuita ugonjwa huo "slim", yaani kukonda. Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi mwanzoni mwa miaka ya tisini, niliwaosha wagonjwa ambao mkono wao mzima ungeweza kuuzungushia vidole viwili. Dawa za kupunguza makali ya virusi hazikuwapo kwetu. Serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004, na kabla ya hapo tulizika vijana, tukazika na waliokuja kuwazika.

Mama yule wa samaki alimzika dada yake mwaka 1996. Ndiyo maana kwake mwili mnene ulikuwa ushahidi wa uzima, na kilo zake 94 zilikuwa cheti cha afya alichokionyesha sokoni kila siku. Tena tangu zamani za babu zetu mtu aliyenenepa alihesabiwa kuwa mtu aliyeshiba, mwenye ng'ombe na ghala, na bibi harusi aliyenawiri ni sifa kwa ukoo wake.

Ndugu wasomaji, hofu hii si ujinga. Imetokana na makaburi. Lakini inatubidi tuitazame upya, maana wakati sisi tumekaza macho kwenye kukonda, mlango wa pili umefunguka nyuma yetu.

UNENE NAO UNAUA

Hebu tuangalie hesabu za taifa letu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2004–2005 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 18 walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2010 wakawa 22. Uchunguzi wa mwaka 2015–2016 ukakuta 28. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2012, uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kwamba karibu watu 26 katika kila 100 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Wengi wao hawakuwa na habari.

Uzito uliozidi unaulazimisha moyo kusukuma damu kwa nguvu zaidi. Mafuta yanayokaa tumboni, kuzunguka ini na utumbo, yanazuia insulini isifanye kazi yake vizuri, na hapo ndipo kisukari cha ukubwani kinapoanzia. Magoti yanachakaa kabla ya wakati wake. Shinikizo la damu lisilotibiwa linapasua au kuziba mishipa ya ubongo, mtu analala mzima na kuamka na kiharusi, mdomo umekwenda upande. Katika familia zetu kiharusi cha mtu mmoja ni mzigo wa watu watano: mmoja wa kumgeuza, mmoja wa kumlisha, na wengine wa kutafuta fedha.

Kwa hiyo tuseme wazi: unene si lazima uwe afya, na kupungua si lazima kuwe ugonjwa. Swali la kuuliza ni moja. Je, umepungua kwa kukusudia, au umepungua bila kujua sababu? Anayepungua bila kukusudia, hasa kama ana kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho la usiku, kiu kali au kukojoa mara kwa mara, aende hospitali apimwe kifua kikuu, VVU na kisukari bila kuchelewa. Lakini anayepungua polepole kwa sababu amebadili anavyokula na anavyotembea, huyo anajitibu.

JIPIME MWENYEWE

Kipimo cha kwanza ni uwiano wa uzito na urefu. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako kwa meta, kisha ugawe tena kwa urefu ule ule. Kwa mfano, mtu wa kilo 70 mwenye urefu wa meta 1.60 atapata 27. Kati ya 18.5 na 24.9 ni uzito unaofaa. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene wa hatari. Mama yetu wa samaki alikuwa na karibu 38.

Usipokuwa na mizani, chukua futi kamba ya fundi cherehani na kuzungusha kiuno, juu kidogo ya kitovu, ukiwa umetoa pumzi bila kubana tumbo. Kwa mwanamke, kiuno kinachozidi sentimeta 80 ni onyo, na kinachozidi 88 ni hatari kubwa. Kwa mwanamume, onyo linaanzia sentimeta 94, na hatari kubwa zaidi ya 102. Akina baba mnaosema kitambi ni dalili ya cheo, chukueni futi kamba.

NJIA YA MKATO

Sasa nikiri kosa langu. Siku ile ya kwanza nilimwandikia mama yule karatasi yenye makatazo 17. Usile hiki, usinywe kile, acha mafuta, acha sukari, acha ugali wa usiku. Niliona nimefanya kazi nzuri. Wiki chache baadaye nilinunua karanga kwa mtoto wa jirani yake, akaniletea zimefungwa katika karatasi yenye mwandiko wangu mwenyewe.

Makatazo yangu hakuyafuata, lakini maneno ya mchuuzi mmoja wa stendi aliyafuata. Alinunua unga wa kukata tumbo, akawa anashinda na maji ya moto na limau, na usiku anakula ndizi moja. Katika wiki tatu alipungua kilo 6. Macho yakaingia ndani, mashavu yakalegea, na minong'ono aliyoiogopa ikaanza kweli pale Mwaloni. Akaogopa, akarudi kula kwa nguvu zote. Baada ya miezi minne alikuwa na kilo 96. Asubuhi moja akiwa amebeba beseni la sato alipata kizunguzungu akaanguka, na alipoletwa kwetu shinikizo la damu lilikuwa 180 kwa 110.

Kwa nini njia ya mkato inashindwa? Mwili wetu umeumbwa kupambana na njaa. Unapoukatia chakula ghafla, unadhani ukame umeingia. Unapunguza matumizi ya nguvu, unaongeza hamu ya kula, na unachoma hata misuli. Siku unapochoka kujitesa, njaa ile bado ipo, nayo inadai deni lake pamoja na riba. Zaidi ya hayo, hujajifunza jambo lolote la kukusaidia kesho. Umejifunza kuvumilia tu, na uvumilivu wa namna hiyo una mwisho.

TUKAANZA KWA KUULIZA

Mara ya pili sikuandika karatasi. Nilikaa naye kwenye benchi, nikamwomba anieleze siku yake tangu anapoamka. Tukahesabu pamoja.

Chai mara nne kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari: vijiko 12. Soda moja mchana kwa sababu ya jua, nayo ina sukari ya vijiko kama 8. Jumla ni vijiko 20 kwa siku, yaani zaidi ya kilo 2 za sukari kwa mwezi, zinazoingia tumboni mwa mtu mmoja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi vijiko kama 12 kwa siku, na afadhali visizidi 6, ukihesabu na ile iliyofichwa ndani ya soda, juisi na biskuti.

Asubuhi alikula maandazi matatu. Mchana, chipsi au wali wa mgahawani. Kwenda Mwaloni na kurudi alipanda bodaboda. Jioni alipika mchuzi kwa kumimina mafuta kutoka kwenye dumu hadi "yaelee", na familia ikala ugali saa 4 usiku, kisha kulala.

Nikamwuliza, "Katika haya yote, lipi unaweza kulibadili bila kuumia?" Akafikiri sana, akasema, "Sukari ya chai. Lakini si yote." Nikamjibu, "Basi tuanze na hiyo, na mengine yote yaache kama yalivyo."

Vijiko vitatu vikawa viwili kwa mwezi mzima. Mwezi wa pili kikawa kimoja. Aliniambia kwamba wiki ya kwanza chai ilikuwa kama maji ya kuoshea vikombe, lakini wiki ya sita alipopewa chai ya vijiko vitatu msibani, ilimshinda kwa utamu. Ulimi nao hujifunza.

JINSI TABIA INAVYOSHIKA

Mwaka 2009 watafiti wa University College London walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 96. Kila mmoja alichagua jambo moja dogo la kula, kunywa au mazoezi, akalifanya kila siku baada ya jambo lile lile, kwa mfano baada ya chai ya asubuhi. Walitaka kujua inachukua muda gani hadi mtu alifanye bila kujishurutisha. Kwa kawaida ilichukua kama siku 66. Lakini watu walitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi 254. Na jambo la kutia moyo ni hili: aliyeruka siku moja hakuharibu kazi yake, mradi kesho yake aliendelea.

Katika hayo tunapata mafundisho matatu. Kwanza, chagua jambo moja tu. Pili, lifunge kwenye jambo unalolifanya tayari kila siku, kama vile kuamka, kunawa, kufunga genge au kutoka kanisani. Tatu, ukianguka leo usiseme "basi nimeshaharibu". Mkulima aliyeruka tuta moja hachomi shamba lote.

Tena usidai mwili ubadilike wote. Mwaka 2002 matokeo ya uchunguzi mkubwa wa Marekani, uliohusisha watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari, yalionyesha kwamba wale waliosaidiwa kulenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, wakilinganishwa na wale ambao hawakusaidiwa hivyo. Kwa mtu wa kilo 96, asilimia 7 ni kilo zisizofika 7. Hatuhitaji kuwa wembamba kama vijana wa picha za matangazo. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo.

CHUNGU KIMOJA, NYUMBA MOJA

Hatua ya pili ya mama yule ilikuwa mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu moja ya wanga ina 4. Anayemimina kutoka dumuni hajui anachomimina. Aliacha kumimina, akaanza kupima kwa kijiko cha chakula: vijiko vitatu kwa mchuzi wa watu sita. Dagaa akawa anawakaanga kwa mafuta kidogo pamoja na nyanya na vitunguu, na sato akamchemsha au kumchoma badala ya kumzamisha katika mafuta.

Mzee wa nyumba alinuna. Aliuliza, "Siku hizi duka limefungwa, au tunaadhibiwa?" Hapa wengi hushindwa, kwa sababu mama hujaribu kupika vyungu viwili, kimoja chake na kimoja cha wengine. Hilo halidumu hata mwezi. Mama huyu alimleta mumewe kliniki tukampima naye. Shinikizo la damu lilikuwa 155 kwa 95, na kiuno sentimeta 106. Tangu siku hiyo hakuuliza tena habari za duka.

Juu ya ugali, sikilizeni vizuri. Ugali si adui. Tatizo ni mlima wa ugali unaoambatana na kijiko cha mboga. Tazama sahani yako: nusu yake iwe mboga na matunda, robo iwe ugali, wali, viazi au ndizi, na robo iwe samaki, dagaa, maharage, kunde au mayai. Mboga zetu za nyumbani zinatosha kabisa: mchicha, matembele, mgagani, mlenda, kisamvu, na nsansa ya majani ya kunde wakati wa kiangazi. Unga wa dona, mtama au uwele unashibisha muda mrefu kuliko sembe nyeupe, kwa sababu una makapi yake.

Lakini wengi wetu tunakula ugali wa pamoja kutoka sahani moja kubwa, na hapo anayekula haraka ndiye anayekula sana. Siwaambii mwache kula pamoja, maana kula pamoja ni kujenga nyumba. Ninachowashauri ni hiki: kila mmoja akate sehemu yake mwanzoni aiweke mbele yake, anywe maji kabla ya kula, na ale mboga kwanza. Na sisi wapishi tujihadhari, kwani tunakula mara tatu: tunapoonja, tunapokula, na tunapomalizia makombo ya watoto kwa kuogopa kutupa chakula. Pika kidogo zaidi, au hifadhi kilichobaki. Tumbo lako si ndoo ya makombo.

Mwisho, saa ya kula. Familia ile ilisogeza chakula cha jioni kutoka saa 4 hadi saa 2 usiku. Mtoto mkubwa ndiye anayebandika maji ya ugali kabla mama hajarudi. Hawakula tena kitu kizito kabla ya kulala, na usingizi ukawa mzuri. Usingizi nao ni dawa, maana asiyelala vya kutosha hushinda na hamu ya vitu vitamu.

MIGUU YETU

Wazazi wetu hawakuhitaji kuambiwa wafanye mazoezi. Walilima pamba, walichota maji, na Msukuma na baiskeli yake alikwenda mnadani na kurudi. Leo mtu wa Buzuruga anatoka mlangoni anaita bodaboda, anakaa kibandani siku nzima, jioni anaita bodaboda nyingine.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kumtoa jasho kidogo kila wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku 5. Mama wa samaki hakununua raba. Kila asubuhi alitembea kwa miguu kutoka nyumbani hadi Mabatini, ndipo apande daladala. Kwa mwendo wake ilikuwa kama nusu saa. Mwezi wa kwanza alisimama mara nne njiani kupumua, na mwezi wa tatu hakusimama. Nauli ya bodaboda aliyoiokoa aliiweka katika kikopo, akanunulia mboga na matunda.

Kipimo cha mwendo ni hiki: uweze kuzungumza, lakini usiweze kuimba. Kulima, kutwanga, kufagia uwanja na kupanda vilima vyetu vya mawe, vyote vinahesabika. Ila mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au kidonda cha mguu, hasa mwenye kisukari, aonane na mganga kwanza, wala asitembee pekupeku.

SHEREHE NA MIKUTANO YETU

Mtu anaweza kushinda nyumbani akashindwa sherehe ya ubatizo. Kwetu kukataa chakula cha mwenyeji ni kumdharau. Basi usikatae. Pokea kidogo, kaa, kula polepole, msifu mpishi. Anayekula polepole haongezewi mara tatu.

Katika jumuiya ndogondogo anayosali mama huyu, walikubaliana jambo rahisi. Badala ya soda na maandazi kila wanapokutana, mwenye nyumba anaandaa maji, chai ya rangi ambayo kila mtu anajitilia sukari mwenyewe, na karanga au matobolwa. Matobolwa nayo ni wanga, hivyo vipande vichache vinatosha, lakini hayana mafuta wala sukari ya kuongeza. Akina mama watatu walioshindwa peke yao wamefaulu kwa sababu wanatembea pamoja asubuhi. Akina baba nao wakumbuke kwamba bia ni chakula: chupa moja ya nusu lita ina kalori kama 200, kabla ya nyama choma haijafika.

NANI ASIPUNGUZE

Si kila mtu anapaswa kupunguza uzito. Mama mjamzito asijaribu, na anayenyonyesha asijinyime chakula. Watoto wasinyimwe chakula. Wao wapunguziwe soda na vitu vya kukaanga na waachwe wacheze. Mgonjwa wa kifua kikuu anahitaji kula vizuri. Anayemeza dawa za kisukari au kuchoma insulini asiruke mlo hata mmoja bila kuongea na mganga wake, maana sukari inaweza kushuka ghafla akazimia.

Kwa ndugu zetu wanaoishi na VVU, dawa zimewarudishia uzima, nasi tunashukuru. Baadhi yenu mmeongezeka uzito sana, hasa tangu dawa mpya zilipoanza kutolewa nchini mwaka 2019. Msiache dawa kwa ajili hiyo hata siku moja. Mwelezeni mhudumu wa kliniki, nanyi mfuate mambo haya haya madogo.

MANENO YA WATU

Baada ya mwaka mmoja mama yule alikuwa na kilo 89, na baada ya miaka miwili kilo 86. Haikuwa njia iliyonyooka. Kila Desemba alirudi na kilo mbili za sikukuu, na kila Machi zilikuwa zimeondoka. Bado anameza dawa za presha kila siku, na anaendelea kupimwa. Mara ya mwisho nilipompima ilikuwa 134 kwa 84, na beseni lake la samaki analibeba mwenyewe.

Minong'ono je? Ilikuja, kama alivyotabiri. Kabla haijafika mbali, yeye na mumewe walikwenda kupima VVU, kwa sababu, kama alivyoniambia, hakutaka kubishana na watu juu ya jambo ambalo yeye mwenyewe halijui. Majibu yake hakuyatangaza sokoni, wala hakuwa na deni la kuyatangaza kwa mtu yeyote. Siku moja mteja alipomwuliza mbele ya wenzake, "Mama, mbona unaisha?", alimjibu akiwa anapara samaki bila kuinua kichwa: "Siishi, ninapungua. Kuisha nilikuona kwa dada yangu, na dada yangu hakuwa wa kuchekwa. Wewe unataka sato wa kilo ngapi?"

Ndugu msomaji, usimwulize mwenzako kwa nini amekonda mbele za watu. Huenda anaugua na neno lako litamjeruhi. Huenda amepigania kila kilo moja, na neno lako litamrudisha nyuma. Ukitaka kumsaidia, tembea naye asubuhi.

Na wewe unayesoma ukurasa huu jioni, usikusanye makatazo 17 kama niliyoyaandika mimi. Chagua jambo moja tu. Labda ni kijiko kimoja cha sukari kinachopungua kesho asubuhi, au mafuta yatakayopimwa kwa kijiko, au kituo kimoja utakachotembea kwa miguu. Shika hilo kwa miezi miwili, kisha chagua la pili. Na kama hujapima shinikizo la damu mwaka huu, pita kituo cha afya kilicho karibu nawe wiki hii, ukiwa umemshika mkono mumeo au mkeo.

Mungu awajalie afya njema. Tukutane mwezi ujao.